Asumini Zilizotiwa Buluu

Kila mkija kwangu, kabla hata sijaitikia shikamoo zenu, simu ishasukumwa mbele ya uso wangu. "Bibi, tazama hii." Natazama. Ni ua. Naamini lilikuwa ua zuri kabla hamjalishika. Sasa ni jekundu kama mlango uliopakwa rangi jana, majani yake yang'aa kama plastiki, na juu ya hayo yote mmelipitisha kwenye programu ya kugeuza picha ionekane imechorwa kwa brashi, likawa uji. Kisha mwaniuliza, mbona haivutii? Nawaeleza. Wiki inayofuata mwaniletea nyingine, nyekundu kuliko ile.

Nimechoka kusema kwa mdomo. Nayaandika haya ili mkija tena niwape karatasi msome, nami niendelee na kahawa yangu.

Jina langu mwalijua, ni Saumu. Kazi ya picha nimeifanya tangu usichana, kwanza katika chumba cha giza, ambako picha zilisafishwa kwa dawa na vidole vikanuka siku nzima, halafu kwenye kompyuta, mpaka nilipopumzika nikaja kukaa hapa nyumbani Kisauni. Duka letu lilikuwa Bamburi, kwenye barabara iingiayo Utange. Nasema letu kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na Kazungu. Kazungu ni Mgiriama wa Utange, rika langu, mrefu, mpole kwa wateja na mbishi kwangu. Yeye alipiga picha, mimi nilizihariri na kuzichapa, ingawa kila mmoja aliijua kazi ya mwenziwe vya kutosha kuikosoa.

Pasipoti na harusi ndizo zilizotulisha, lakini kilichotupa jina ni maua. Tulipiga maua ya bustani za watu, tukayageuza yaonekane kama michoro ya mkono, tukayachapa kwenye kanvasi na kuyatia fremu. Wenye nyumba za wageni waliyapenda. Nao, jamani, walikuwa na mambo. Mmoja alitaka waridi lifanane na mapazia yake. Nikamwuliza mapazia ni rangi gani. Kijivu. Nikamtengenezea waridi la kijivu, akalichukua kwa furaha, na baada ya miezi akarudi kulalamika kwamba wageni wake wasema chumba kina huzuni. Nilimwambia huzuni ameinunua mwenyewe.

Sasa sikilizeni la kwanza, ambalo nimewaambia mara ngapi sijui. Mzee aliyenifundisha chumba cha giza hakuwahi kuchapa picha ya rangi maisha yake yote. Alikuwa akiitundika picha kwenye kamba ikiwa bado mbichi, anarudi nyuma mpaka mlangoni, na kuniuliza, "Ua liko wapi?" Nikionyesha upesi, sawa. Nikisitasita, picha yachanwa. Hapakuwa na nyekundu wala kijani ya kunisaidia. Palikuwa na mwanga na kivuli basi. Kwa hivyo kabla hamjagusa rangi, iondoeni rangi yote kwenye hiyo picha yenu. Itazameni ikiwa ya kijivu. Ikiwa ua na majani vimekuwa kijivu kimoja, shida yenu ni mwanga, na mkiongeza wekundu mpaka simu ishike moto, ua halitatoka.

La pili ni hiyo programu ya brashi. Ile haichori. Yachukua rangi ya hapa na rangi ya jirani yake, yazichanganya, yazivuta. Weupe ulio kando ya kivuli huchanganywa na kivuli, nao waingia matope. Ndiyo maana picha ikitoka huko imepooza, nanyi mwakimbilia kuongeza rangi. Kinachotakiwa ni kurudisha mwanga mahali pake, kwa mkono, polepole. Kwenye asumini, weupe mtupu uacheni kidogo sana, mdomoni mwa petali tu, pale ukingoni. Kwingine kote asumini si nyeupe. Upande wa jua una umanjano mdogo, upande wa kivuli waazima kijani cha majani na buluu kidogo ya mbingu. Kidogo, nimesema.

Neno hilo, kidogo, ndilo lililotugombanisha mimi na Kazungu. Ameniruhusu kuwasimulia, na amesema nikitia chumvi ataandika yake.

Lilianza taratibu. Hoteli moja ya Shanzu, ambayo sitaitaja, ilitaka picha za maua ya bustani yake kwa ajili ya vyumba na ushoroba wa chini. Wakati huohuo binti yangu wa Malindi alikuwa karibu kujifungua, nami ilinilazimu niende nikamtazame. Tulikubaliana Kazungu apige na ahariri mwenyewe, mimi nikirudi nitachapa. Kurudi kwangu nikakuta ashachapa, ashatia fremu, ashapeleka. Nikamwambia anionyeshe nakala zilizobaki kwenye kompyuta.

Akazifungua. Asumini zilikuwa za buluu. Sisemi zina ubuluu. Zilikuwa kama shati la shule lililozidishiwa buluu ya kufulia. Majani yalikuwa rangi ya bahari ya kina. Vivuli vilikuwa vyeusi, vya kutumbukia mtu.

"Kazungu," nikamwuliza, "hii ni nini?"

"Asumini."

"Asumini ya wapi?"

"Ya Shanzu, ya bustanini kwao. Mbona wauliza kama polisi?"

"Ni ya buluu."

Akainamia kioo cha kompyuta, akakitazama, akanigeukia. "Ni nyeupe, Bi Saumu. Umechoka na safari."

Nikadhani kompyuta imeharibika. Nikamwita fundi, akakipima kioo, akasema hakina neno. Nikadhani ni wino. Nikabadilisha wino, nikasafisha mashine, nikachapa picha yangu ya zamani, ikatoka sawasawa. Nikachapa yake, ikatoka buluu. Nikaitoa nje mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kwa maana picha haihukumiwi chini ya taa ya dukani, na hilo pia nimewaambia. Buluu. Nikamwita naye atoke aitazame. Akasimama juani, amekunja uso, akasema, "Nyeupe. Tena hii yako ndiyo ya manjano, kama imemwagikiwa chai."

Tuligombana wiki nyingi. Nilikuwa nikirekebisha kazi zake akienda kula, naye akirudi anazirekebisha tena nikienda kuswali. Bibi harusi mmoja alipata albamu ambayo katika ukurasa mmoja gauni lake ni jeupe na ukurasa wa pili ni la buluu, na mama yake akaja kutuuliza kama binti yake alibadilisha nguo bila yeye kujua.

Kilichonifumbua macho ni kitambaa. Nyuma ya kiti cha pasipoti tulikuwa na shuka nyeupe, nami niliinunua mpya kwa sababu Kazungu alilalamika kwamba ile ya zamani imegeuka rangi. Siku ileile niliyoitundika nilimkuta ameishusha, ameitia kwenye beseni, yuaifikicha kwa sabuni.

"Wafanya nini?"

"Umeuziwa shuka kuukuu, Bi Saumu. Tazama ilivyo manjano."

Nilikuwa na maneno mengi ya ukali, nikayaacha. Nikamwambia, "Njoo mlangoni." Akaja, mikono yamchuruzika povu. Nikamwambia atazame juu. Katikati ya mboni za macho yake, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akioga maji moto.

"Kazungu, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Mimi naona."

"Hii shuka ni mpya. Ni nyeupe kuliko meno yako."

Alikaa kwenye kiti cha pasipoti na mikono yake yenye povu, akatazama barabarani. Halafu akasema jambo lililonionyesha kwamba alikuwa ashajua, au nusu yake ilijua. "Mpiga picha akisikika macho yana ukungu, nani atamwita harusini kwake?"

Wiki zote hizo alikuwa akiniita mimi mchovu, mimi mzee, mimi sioni, kumbe alikuwa na hofu. Nilikasirika. Bado nikikumbuka nakasirika. Kama angesema mapema, ningeacha kumsumbua fundi wa watu.

Kumpeleka kliniki ya macho ilikuwa kazi. Leo ana mteja, kesho ana mazishi Kaloleni, keshokutwa kuna mvua. Ilibidi nimwendee mkewe, Mama Karisa, kule Utange. Mama Karisa ni mwanamke wa maneno machache. Alinisikiliza, akafunga mlango wa jiko, akaenda akamwambia mumewe avae viatu. Alivaa.

Kliniki walisema macho yote mawili yatapasuliwa, moja baada ya jingine. Wakaanza na la kulia. Daktari akamweleza, mimi na mkewe tukisikia, kwamba la kushoto lisicheleweshwe, mtoto wa jicho akikomaa mno huwa mgumu kama ganda, na kumtoa kwaleta matata.

Siku alipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza alichokiona ni mimi. Alinitazama kwa makini, akasema, "Bi Saumu, kumbe umezeeka hivi." Mama Karisa alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini aliporudi dukani hakucheka. Nakala ya asumini ya Shanzu ilikuwa ukutani. Alisimama mbele yake, akafunga jicho la kushoto, akatazama kwa jipya. Akafunga jipya, akatazama kwa la zamani. Akarudia hivyo mara nyingi. "Ya buluu," akasema.

"Nilikwambia."

"Kwa hili ni ya buluu. Kwa hili ni nyeupe." Alitikisa kichwa. "Na tumewapa watu hivi."

Aliona haya sana. Hakutaka hata kunywa chai. Alisema twende Shanzu tukaombe radhi, tuzichukue zote, tuchape upya. Tukaenda. Meneja alikuwa mama mmoja wa bara, Madam Njeri, mwenye kutembea haraka na kusikiliza akiwa anatembea. Tulimfuata nyuma kwenye ushoroba, Kazungu akieleza kwamba rangi zimekosewa na kwamba tutazibadilisha sisi wenyewe. Madam Njeri akasimama.

"Kubadilisha? Hizo hazitoki hapa," akasema. "Wageni wanazipenda sana. Kila siku mtu ananiuliza ni nani amechora. Hata nilikuwa nataka kuwatafuta, tuongeze za orofa zote za juu. Kama hizi hizi." Halafu akatutazama mmoja mmoja. "Ni nani kati yenu?"

Nilifungua mdomo niseme hizo si rangi, ni maradhi. Lakini Kazungu alikuwa ashasema, "Ni mimi."

Madam Njeri akamshika mkono. Akamwita msichana wa mapokezi aje awapige picha, yeye na Kazungu, mbele ya asumini ya buluu. Nami nikashikilia mkoba.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimwambia tutakavyofanya: tutachapa zilezile zilizopo, tutaongeza waridi, tutaongeza mayungiyungi ya mabwawa ya machimbo ya mawe ya Bamburi. Alikuwa akiutazama mkono wake.

Tukaanza kazi. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba hawezi tena. Kwa lile jicho jipya alikuwa akihariri waridi na linatoka waridi. Zuri, la kweli, halifanani na zile za hotelini hata chembe. Akajaribu kutia buluu kwa makusudi, ikatoka buluu ya kijinga, kama yenu. Akafuta. Akajaribu tena. Akafuta.

Asubuhi moja nilifika dukani nikamkuta mbele ya kompyuta amejifunga kitambaa. Nikasogea nione. Jicho alilolifunga ni lile zima. Alikuwa akifanya kazi kwa lile bovu, uso umekaribia kioo, na mbele yake asumini zinachanua buluu kama zamani.

"Alhamdulillahi," nikamwambia, "nimeishi nikaona na hili."

"Usinisumbue. Zinatoka vizuri."

Nilimwachia. Nilisema amalize oda hiyo, kisha atibiwe jicho la pili, tuendelee na maisha. Sikujua tarehe ya kliniki ishapita. Nililijua hilo kwa Mama Karisa, aliyekuja dukani mwenyewe, jambo asilolifanya, akakaa kwenye benchi ya wateja kama mteja.

"Bi Saumu, mwenzangu, huyu mtu hakwenda. Walimpa tarehe nyingine, nayo hakwenda. Aniambia ana kazi ya hoteli."

Kazungu alikuwa nyuma ya pazia, asikia. Nilimwita. Akatoka na kitambaa chake usoni, kama mwizi wa kuku.

"Kweli hukwenda?"

"Nitakwenda kazi ikiisha."

"Kazi ya hoteli yaisha lini? Wakimaliza orofa za juu watataka mikahawa. Wakimaliza mikahawa watataka vyoo. Na daktari alisema nini?"

"Daktari hajui kazi yangu."

"Kazungu, jicho litakufa."

Alikivua kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. "Mimi nimepiga harusi za watu tangu hawa wanaooa leo hawajazaliwa," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, wewe waitwa nani. Wananiita picha. 'Picha, simama hapa. Picha, njoo ule.' Yule mama ameniuliza ni nani, akanishika mkono. Na alichokipenda kimetoka kwa jicho hili." Aligusa la kushoto. "Mwataka nilitoe."

Mama Karisa alitazama sakafu. Mimi nilimwambia Kazungu kuwa ni mpumbavu, kisha nikaenda nyuma kutengeneza chai.

Lakini usiku huo wote sikuacha kulifikiria, na kulipokucha nilijua la kufanya. Nilimwambia nina kazi ya mtu, nataka kompyuta siku mbili tatu. Nikaifungua picha yake moja ya asumini, na kando yake nikafungua ileile kabla haijahaririwa. Nikaanza kuitafuta njia aliyopita.

Mnaotaka kujifunza, hapa ndipo pa kutega sikio. Niliiondoa rangi kwanza, zote mbili zikawa za kijivu. Nikashangaa. Yake, ikiwa haina rangi, ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zangu. Kila petali ilikuwa imetengana na jirani yake, kila ua limesimama mbali na majani, na macho yaenda moja kwa moja pale anapotaka yaende. Nikafahamu sababu. Mtu aliyekuwa na ukungu machoni hakuweza kuridhika na tofauti ndogo ya mwanga, hakuiona. Ilimlazimu atenganishe, abane kivuli, afungue mwanga, mpaka yeye mwenyewe alione ua. Sisi wenye macho tulikuwa wavivu, twaridhika mapema.

Rangi ndiyo ilikuwa ya uongo, na uongo wake ulikuwa na mpango. Kila weupe ulimfikia ukiwa wa manjano, basi akaupinga kwa buluu, zaidi kwenye vivuli, kidogo kwenye ncha. Kila kijani kilimfikia kikiwa kama jani kavu, basi akakisogeza kuelekea bahari. Nyekundu hakuihangaikia, kwa hivyo kitovu cha ua, pale penye uwaridi mwembamba chini ya petali, kilibaki cha kweli. Hicho kidogo cha kweli ndicho kilichozuia picha nzima isiwe baridi kama chumba cha maiti. Mwaona? Msipandishe kila rangi. Acheni moja itulie.

Basi nikafanya vivyo hivyo. Nikachukua asumini nyingine ambayo hajaigusa. Nikaitenganisha kwa kijivu kwanza, kwa ukali zaidi kuliko nilivyozoea. Nikaua manjano, nikatia buluu kwenye vivuli, nikavuta kijani, nyekundu nikaiacha. Nikaipitisha brashi, ikapooza kama kawaida, nikarudisha mwanga kwenye midomo ya petali kwa mkono. Kisha nikaiacha iwe nyangavu kidogo kupita ninavyopenda, kwa kuwa kanvasi hunywa wino na giza huongezeka. Nilijaribu, nikachana, nikajaribu. Nilipoichapa ile ya mwisho nilichukia kuitazama, ndipo nikajua imefanana.

Nikaichanganya na zake tatu, nikampelekea Madam Njeri, nikamwuliza tu kama zote ni sawa. Akazipanga kitini, akasema zote zinatoka kwa mkono mmoja, tena akaichagua yangu iwekwe juu ya meza ya mapokezi. Sikufurahi.

Halafu nikamwita Kazungu. Nikamwambia afunge lile jicho zima, atumie bovu, aniambie ipi si yake. Alizitazama moja moja, karibu, mpaka pua yagusa kanvasi. "Zote zangu," akasema. "Lakini hii siikumbuki."

"Hiyo nimeifanya mimi."

Alifungua jicho jipya akaitazama tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, kwamba sasa hoteli itapata picha zake bila jicho bovu, kwamba hana kisingizio, kwamba mkewe halali. Hakunipa nafasi ya kuyasema hata moja. Aliiweka picha chini polepole.

"Kwa hivyo hata hilo halikuwa langu," akasema. "Ni la mashine. Mtu yeyote aweza."

"Si mtu yeyote. Ni mimi. Na mimi nimekunakili wewe. Ningenakili nini kama hukuanza?"

"Umenakili ugonjwa."

"Nimenakili mwanga," nikamwambia. "Buluu ni ugonjwa, ndiyo, na hiyo ningemfundisha hata kuku. Kule kutenganisha ua na jani ni kwako. Sikuwahi kuona mtu akihangaika hivyo kwa asumini moja. Nenda ukatazame zangu za zamani ukutani, uone nilivyokuwa mvivu."

Hakuenda kutazama. Alichukua kofia yake akaenda nyumbani Utange, na siku zilizofuata hakuja. Nilifungua duka peke yangu, nikapiga pasipoti za watu peke yangu, nikiwaambia kaeni wima, tazameni hapa, na kila aliyeingia akaniuliza mzee yuko wapi. Nilijibu watu vibaya. Nilikuwa nimemponya mtu ujinga wake na nikamvunja moyo kwa tendo moja, na hakuna aliyenishukuru.

Kisha Mama Karisa akapiga simu. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema, "Tuko kliniki, wako ndani naye sasa hivi. Alijiamkia mwenyewe, akavaa viatu."

Nilifunga duka mchana, nikaenda.

Jicho la pili liliwasumbua kidogo, kwa sababu ya kule kuchelewa, lakini lilipona. Oda ya hoteli niliimalizia mimi, kwa buluu ileile, na nyuma ya kila fremu niliandika jina lake kamili, herufi kubwa. Siku ya kupeleka za mwisho alisema naye atakuja. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi, meusi, safi, na njia nzima alikuwa akinionyesha vitu nisivyovitaka: ile rangi ya ukuta, kile kibao, lile shati la yule.

Mafundi walikuwa wakitundika orofa ya juu. Mimi nilikuwa na haraka, duka halina mtu. Nilipogeuka, Kazungu hayupo. Nikashuka ngazi nikamkuta kwenye ushoroba wa chini, peke yake, mbele ya ile asumini yake ya kwanza kabisa, ile aliyoipeleka nikiwa Malindi. Mikono ameifunga nyuma. Hakusogea kunipisha.

Nikasubiri aseme ni mbaya. Ilikuwa mbaya. Ukiijua asumini, ile picha yaumiza.

Aliitazama kwa kitambo, tangu kona ya juu mpaka chini, petali kwa petali, kama mtu anayetazama kazi ya mwingine.

"Maskini," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Alikuwa akijitahidi sana, yule bwana."

Nilimwambia tuondoke, twachelewa. Kisha nikasimama naye.